Kila Jioni Baba Alizidisha Mtu Mmoja

Kopo la Brasso la baba liko hapa mezani, limebaki kama robo hivi, na ukilifungua tu ile harufu inakufikisha kwetu kabla hujamwaga hata tone kwenye kitambaa. Lilikuwa na kazi mbili. Jumamosi mchana alikuwa anang'arisha nalo chuma cha mkanda wa jeshi, hata miaka ambayo ameshastaafu na mkanda wenyewe havai popote, na hata angetaka kuuvaa usingemtosha maana ulikuwa mfupi, tundu la mwisho limetobolewa kwa msumari. Akimaliza mkanda anahamia kwenye tarumbeta ya kanisani, anasugua mpaka unaona pua yako mle. Sisi watoto tunakaa kwenye ngazi kimyaa, kwa sababu akisugua alikuwaga anapiga mluzi sauti ya pili ya nyimbo za kesho yake, na ukimkatisha anaanza upya kutoka ubeti wa kwanza, ndo mtakaa hapo mpaka giza.

Baba amefariki Januari 2025, miaka 68. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa sijui nianzie wapi. Ukisema baba yako alipigana vita ya Kagera watu wanakaa vizuri kwenye kiti wakisubiri mizinga, na mi baba yangu namjua zaidi kwa uji wenye mabonge.

Nianze na huo uji basi.

1993 mama alienda kujifungua mdogo wetu wa mwisho, mambo yakawa magumu, akalazwa Mbeya mjini wiki tatu. Sisi tulikuwa watano kwenye kota za jeshi, vyumba viwili, mkubwa ana miaka kumi na moja. Majirani wakadhani baba ataleta shangazi kutoka Tukuyu, maana mwanaume wa Kinyakyusa wa enzi zile na sufuria wapi na wapi. Hakuleta mtu. Aliomba ruhusa kwa wakubwa wake, akarudi na daftari, akaandika zamu: nani anachota maji, nani anafagia, nani fatiki ya vyombo. Jioni kabla ya kula tunapanga mstari kwa urefu, mikono mbele, anakagua kucha. Kucha chafu unarudi bombani, hakuna kupigwa, hakuna kelele, ila sahani yako inakusubiri imefunikwa na inapoa. Uji ulikuwa na mabonge siku zote ishirini na moja, hakuwahi kujifunza. Mkubwa wetu siku moja akasema baba huu uji haujaiva, akajibiwa "ukiwa vitani utaulilia huo", tukacheka, kumbe jamaa hata hakutania.

Mama aliporudi na mtoto bado hana nguvu, baba akawa anafua nepi za kitambaa pale bombani mbele ya kota nzima. Askari wenzie wakawa wanapita wanamtania. Nilikuwepo nimeshika ndoo nikamsikia anawajibu bila hata kuinua kichwa: "Nimefua kombati za watu zikiwa na damu, sembuse mikojo ya mwanangu?" Wakaondoka. Ile sentensi nilikaa nayo miaka, maana ndo mara ya kwanza namsikia anataja vita.

Hakuitaja tena kwa miaka zaidi ya ishirini.

Kwa wasioijua historia hii, niseme kwa kifupi tu. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakashika eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, Amin akatangaza kwamba pale sasa ni Uganda. Mwalimu Nyerere akazungumza na taifa, yale maneno ya uwezo, sababu na nia ambayo kila Mtanzania wa umri fulani anaweza kuyasema akiwa usingizini. Baba alikuwa na miaka 22. Alikuwa amepita JKT Mafinga, kule kwenye baridi na mipaini, halafu akachukuliwa JWTZ. Wakapakiwa kwenye malori, halafu treni mpaka Mwanza, halafu meli kuvuka ziwa, kijana ambaye maji makubwa aliyowahi kuyaona ni ziwa Masoko lile la kwetu, na Nyasa kwa mbali siku za jua. Kutoka Mutukula pale mpakani mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 200 na sehemu kubwa walitembea kwa miguu.

Hayo mengine yote nimeyajua kwa kusoma. Kwake nilikuwa na vipande viwili tu. Nishani kwenye droo ya kabati, imeviringishwa na leso. Na hadithi ya mama, kwamba wenzie waliporudi 1979 walikuja na redio, saa za mkononi, wengine mpaka mashine za kushonea, yeye alirudi na blanketi moja, na mama ambaye walikuwa bado wachumba akamuuliza kwa utani, wenzio wamekuja na redio, wewe umekuja na nini? Akamwambia "mi nimekuja". Mama anaisimulia akicheka lakini mwisho wa kicheko huwa anainamisha uso anatengeneza khanga.

Sasa nije kwenye sala, maana hapo ndo penyewe.

Sisi ni Wamoravian, kwetu hiyo ni kama kusema sisi ni watu wa ndizi. Wamisionari walifika Rungwe 1891, na babu mzaa baba ambaye alikuwa keya, yaani askari wa jeshi la kikoloni, alipelekwa Burma na Waingereza, alirudi akawa mzee wa kanisa, baba naye baada ya kustaafu akawa mzee wa kanisa kwenye ushirika ule ule. Kwa hiyo kusali nyumbani haikuwa jambo la kujadili. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikiisha, redio inazimwa, tunasimama. Tunasimama, sio kupiga magoti. Baba alikuwa anasali kama anatoa ripoti kwa mkuu wa kikosi:

"Bwana, nyumba hii ina watu tisa. Wanane wapo, mmoja yuko nje. Wamekula. Mgonjwa mmoja, kikohozi. Deni dukani lipo. Tunaomba lindo la usiku. Amina."

Basi. Dakika moja haifiki. Mchungaji mmoja aliwahi kulala kwetu akashangaa, akadhani baba kasahau kitu, akaendelea yeye kwa robo saa na baba akasimama mkao wa "tulia" muda wote kwa heshima.

Ila hesabu ilikuwa haikai sawa. Sisi ni baba, mama na watoto sita. Nane. Yeye kila siku ya Mungu anasema tisa. Na kabla ya yule wa mwisho hajazaliwa, tuko saba, alikuwa anasema nane. Mkubwa wetu aliyekuwa mkali wa hisabati akamsahihisha siku moja, mama akamfinya. Baada ya hapo kila mtu akawa na jibu lake. Mimi nilidhani kuna mtoto alifariki kabla yangu na hatuambiwi, dada yangu alidhani baba ana mtoto nje na huyo ndo "mmoja yuko nje" (alimtafuta sana huyo mtoto, kila kijana wa kambini mwenye pua pana alimkagua), na mdogo wetu wa mwisho aliamini kabisa wa tisa ni Yesu, hakuna aliyemkatalia.

Baba alistaafu 1997 akiwa sajenti, tukahamia kijijini, chini ya Tukuyu upande wa Masoko. Migomba, chai kidogo, ng'ombe mmoja wa maziwa ambaye alimwita Afande kwa sababu ndo aliyekuwa anamwamsha. Hapa kuna habari ya mafao ambayo nikiianza sitamaliza, nitasema moja tu. Jina lake kwenye karatasi fulani lilikosewa herufi moja. Herufi moja! Akawa anapanda kosta kwenda ofisini, shati limepigwa pasi ya mkaa, viatu vinawaka, anaambiwa njoo wiki ijayo, anarudi, anaambiwa aliyeshika faili yuko safari. Mara ya nne nilimsindikiza. Kijana wa pale, umri wa kuwa mwanae, alimjibu huku anachezea simu, na baba akasema "naam afande", akageuka, tukatoka. Nilikuwa natetemeka kwa hasira, nikamwambia baba kwa nini unamwita yule afande. Akasema amekalia meza, nimesalimia meza. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa unyenyekevu au tusi. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, nikiona kwenye TV viongozi wanaweka mkuki na ngao na mashada, namkumbuka mzee kwenye benchi la mbao na bahasha ya kaki magotini, na nakiri moyo wangu unakuwa mchungu kuliko inavyotakiwa siku ile. Herufi ilirekebishwa baada ya miezi kumi na nne. Turudi kwetu.

Pasaka ndo ilikuwa siku yake. Wamoravian tunaenda makaburini alfajiri kabla jua halijatoka, desturi iliyoanzia Herrnhut kule Ujerumani 1732, ikasafiri na wamisionari mpaka huku. Mnatembea gizani, matarumbeta mbele, yanasomwa majina ya waliolala tangu Pasaka iliyopita, watu wanawasha mishumaa kwenye makaburi ya kwao. Sasa mwezi wa nne Tukuyu mvua haiombi ruhusa, kwa hiyo baba alikuwa na ufundi wake, kopo la Blue Band limetobolewa matundu ubavuni, mshumaa unakaa ndani, mvua inyeshe itakavyo. Alikuwa anatengeneza makopo matatu. Moja la babu, moja la bibi, na la tatu analiweka chini ya mparachichi pembeni ya uzio, mahali hakuna kaburi. Tukimuuliza anasema la mgeni. Anapuliza tarumbeta yake mgongo ukiwa umeelekea huko.

2016 ndo nikajua. Na sikujua mimi kwa akili yangu, ni mwanangu. Alikuwa darasa la tano, wamefundishwa vita ya Kagera shuleni, tukaenda kwa babu yake likizo ya Desemba, umeme umekatika, tumekaa jikoni kwenye kuni tunachoma mahindi. Mtoto akauliza kama anavyouliza mtoto: "Babu, uliua wangapi?"

Mahindi yalikuwa yanapasuka kwenye moto, nikatamani ardhi inimeze. Baba akageuza hindi lake taratibu akasema, "Sijui mjukuu wangu. Kulikuwa na giza." Akamkatia kipande, akampa, mtoto akala, akalala. Nikajua yameisha.

Ila hakuondoka pale kwenye kigoda. Akaongeza kuni, na bila kuniangalia akaniambia, "Sisi tulikimbia."

Ilikuwa Lukaya, Machi 10 jioni, 1979. Ukisoma historia utakuta hiyo ndo moja ya siku kubwa za vita ile. Barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala inapita katikati ya kinamasi, na brigedi ya 201 iliyokuwa mbele ilikuwa imejaa mgambo, watu waliotoka kwenye majembe miezi michache nyuma. Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakafungulia roketi. Baba alikuwa mwanajeshi kamili, koplo, ana vijana chini yake, na alisema kelele ya zile roketi zikija hakuna koplo wala mgambo. Safu ikavunjika, watu wakaingia kwenye mafunjo, kila mtu na upande wake, maji mpaka kifuani.

Pembeni yake alikuwepo kijana mmoja kutoka Bulongwa, Makete. Mkinga, Mlutheri, mwembamba kama ufito. Walikuwa wamejuana tangu Mafinga wakiwa kuruta. Giza lilipoingia yule Bulongwa (baba alimwita hivyo, Bulongwa, jina lake sitaliandika hapa) akamwambia, shika mkanda wangu, nami nashika wako, tusipotezane. Wakasimama hivyo usiku kucha. Kila mmoja kashika mkanda wa mwenzie. Bulongwa alikuwa ananong'ona Zaburi kwa Kikinga, baba haelewi hata neno, lakini akikatika tu baba anamtikisa mkanda aendelee, kwa sababu akinyamaza baba anadhani kafa. Kabla ya kuanza kunong'ona alifanya hesabu. Akasema "Bwana, hapa tuko wawili." Baba akaniambia hapo ndo alipojifunza kusali.

Alfajiri ya tarehe 11 brigedi ya 208 iliyozunguka ubavuni ikapiga, mambo yakageuka, wao wakatoka kwenye maji. Kampala ikaanguka mwezi uliofuata, Aprili 11, watu wakashangilia mitaani, baba na Bulongwa walikuwa mle mle. Na mwezi wa tano, wakielekea kaskazini, njia ya Lira, Amin keshakimbia, vita imekwisha kwa maana ya kuisha, lori likapinduka kwenye kona. Baba alikuwa lori la nyuma.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba kwa hesabu ya jeshi askari wetu waliokufa vita ile ni 373, na waliouawa kwenye mapigano yenyewe ni 96. Niliposoma nililiona lile lori. Wengi wao walikufa kifo cha hivyo, kisicho na hadithi ya kusimulia kwenye sherehe.

Bulongwa yuko Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa.

Baba aliporudi nyumbani hata wiki haikuisha, alichukua mkanda wa Bulongwa, akapanda Isyonje, akakatiza Kitulo kwa miguu, siku mbili, ukungu na baridi ya kule mnaijua, siku hizi watu wanaenda kupiga picha za maua. Akafika kwa mama yake. Wakasalimiana, kamwene, kamwene. Alikuta taarifa imeshafika. Akatoa mkanda akamkabidhi kwa mikono miwili. Yule mama akaushika, akauangalia, akamrudishia. Akasema, wewe ndo ulikuwa umeushika, endelea kuushika. Akampa debe la viazi abebe.

Kwa hiyo ule mkanda haukuwa wake. Miaka yote nimekaa kwenye ngazi naangalia mtu anasugua mkanda ambao haumtoshi na sikuwahi kujiuliza.

Na kuna jambo lingine ambalo mama alilikamilisha baadaye. Ile miaka baada ya vita, tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18, ikapita 18 na zaidi, sabuni hakuna, sukari inapangwa foleni, na wanajeshi walikuwa na afadhali kidogo kwenye duka la kambini. Mama aliolewa 1981, ana mimba ya kwanza, ana hamu ya chai, na kila baada ya miezi michache anakuta sukari kilo mbili imeondoka ndani. Akanuna, akadhani kuna mwanamke. Akamfuata siku moja mpaka stendi, akamkuta anamkabidhi kifurushi dereva wa lori la viazi la Makete. Akamuuliza ni ya nani. Akasema ya mama. Mama yako si yuko Masoko? Akasema, huyo ni mama wa kwanza. Waligombana mwezi mzima, mama anasema hadi leo hajutii ule ugomvi, sukari ni sukari. Baba alituma mpaka yule bibi alipofariki.

Oktoba 2024 nilikuwa nyumbani, baba ameshaanza kuumwa, anakula kidogo kidogo. Redio ikatangaza Jenerali David Musuguri amefariki, yule aliyekuwa anaongoza divisheni yao, miaka 104. Baba alikuwa na bakuli la mtori mkononi. Akasimama. Miguu inamtetemeka, mtori unamwagika kwenye kikoi, mama anamwambia kaa utaanguka, hakukaa mpaka habari ilipoisha. Halafu akakaa akamalizia mtori. "Katupita wote yule mzee," akasema, kama mtu aliyeshindwa mbio na hana kinyongo.

Msiba wenyewe sina la kusema sana, mnajua misiba ya kwetu, watu mia tano, ng'ombe, mvua, matope mpaka magotini, kina mama wanalia kwa zamu. Matarumbeta yalipigwa sauti ya kwanza, ya tatu na ya nne. Ya pili waliiacha. Sijui waliambizana au ilitokea tu. Tulimzika nyumbani, kwenye migomba nyuma ya zizi la Afande.

Pasaka ya 2025 iliangukia Aprili 20. Tulikuja wote sita, kutoka Dar, Songea, Makambako, Dodoma, mi na dada tulitoka Mbeya. Usiku wa Jumamosi mdogo wetu wa mwisho, ambaye ndo amerithi tarumbeta, akakaa kwenye ngazi na msumari na makopo ya Blue Band, akatengeneza manne. Alfajiri mvua ilikuwepo kama kawaida. Jina la baba likasomwa. Kopo la mparachichini niliweka mimi, chini yake majani yameshaota duara pale kopo linapokaaga kila mwaka.

Jioni yake, saa mbili, hakuna aliyekumbuka taarifa ya habari, kila mtu na simu yake. Mama ndo aliyesimama. Tukaweka simu chini tukasimama. Kaka yetu mkubwa akakohoa aanze, maana sasa ni zamu yake kwa mila, akasema "Bwana, nyumba hii ina watu saba…"

"Tisa," mama akasema.

Kaka akanyamaza. Mama akaendelea mwenyewe, macho wazi, anatuangalia mmoja mmoja.

"Bwana, nyumba hii ina watu tisa. Sebuleni saba. Migombani mmoja. Kaboya mmoja. Wamekula. Goti langu la kushoto bado. Tunaomba lindo la usiku."